Daftari la pesa za watu lisifungwe na funguo ya mtu mmoja

Wananchi wa Baraka na wa Fizi nzima, wakubwa kwa wadogo, viongozi wa mashirika, wa makanisa na misikiti, wa kamati za wazazi na za maji, vijana wenzetu,

Safari hii hatuandiki juu ya barabara, wala umeme, wala mtu aliyekamatwa. Tunaandika juu ya daftari. Tunajua wengine watasema vijana hawa wamekosa la kufanya. Ni kweli, kazi hatuna. Lakini someni kwanza.

Mwanzoni mwa 2024 tulikusanya michango ya kutengeneza kidaraja kimoja kwenye njia ya kwenda sokoni. Mama wa mboga alitoa franga 500, wa pikipiki 1,000, mwalimu mmoja alitoa 5,000 akasema msimwambie mke wangu. Mweka hazina wetu, mama wa watoto wawili, aliandika kila jina ndani ya daftari lake. Mbao zikanunuliwa, misumari ikanunuliwa, kidaraja kikasimama. Halafu mwezi wa nne ziwa likapanda. Wote munakumbuka, Tanganyika iliingia katika nyumba za ukingoni bila kubisha hodi. Nyumba yake ilikuwa mojawapo. Aliokoa watoto, godoro na sufuria. Daftari lilibaki ndani ya maji.

Tulipokaa kikao na kumuomba hesabu, hakuwa na kitu cha kuonyesha. Mmoja akanong'ona, wa pili akasema kwa sauti: "Amezikula." Hakuna aliyemtetea, hata sisi tunaoandika hapa. Alisimama, akafunga kitenge chake, akaenda, na hakurudi tena katika vikao vyetu. Miezi saba baadaye mwenzetu mmoja akakuta kwenye simu yake picha za kurasa zote za lile daftari, ambazo mama huyo alimtumia zamani ili amsaidie kujumlisha. Tukaenda kwa mwenye duka la vifaa vya ujenzi, akatufungulia nakala za faktira zake. Tukajumlisha mara mbili, mara tatu. Pesa zilizotumika zilizidi michango kwa franga 12,000. Aliziongeza kutoka mfuko wake mwenyewe na hakusema.

Tulimkosea. Tunaiandika hapa kwa sababu tulimtukana mbele ya watu, na haitoshi kumuomba msamaha pembeni.

Sisi ndio kila wiki tunapiga kelele mbele ya ofisi: toeni hesabu, pesa ya watu imeenda wapi? Na hesabu yetu wenyewe ilikuwa ndani ya daftari moja, ndani ya nyumba moja, mita chache kutoka ziwani.

Tukaanza kuuliza katika mashirika mengine ya hapa. Wengine wetu tulifanya stashi ndani ya mashirika hayo, kwa hiyo tulijua kidogo cha kutafuta. Katika shirika moja mhasibu alipata kazi bora Kalemie, akaondoka na kompyuta, maana ilikuwa yake. Programu ya hesabu iliyokuwa ndani ilikuwa ya kuibwa, ilitoka kwenye flashi ya rafiki, na siku moja ilikataa kufunguka: muda umekwisha, lipia. Walipokuja watu wa kukagua, shirika likawaletea mfuko wa unga uliojaa risiti za miaka miwili. Sehemu ya pili ya pesa haikutumwa. Pesa hiyo ilikuwa ya kutengeneza chemchemi. Hatutataja shirika wala kijiji, lakini munajua katika Fizi maji machafu yanaleta nini kila mwaka. Inawezekana hakuna hata dola moja iliyoibwa pale. Hakuna anayeweza kusema ndiyo wala hapana, na mfadhili akisikia hivyo anahesabu kwamba ni wizi.

Hapo ndipo tunaona shida. Hesabu za pesa za watu wa Fizi zimefungwa ndani ya vitu visivyo vyetu: kompyuta ya mtu binafsi, programu ya kulipia kila mwaka kwa dola ambazo shirika dogo halina, au jedwali la Excel ambalo mfadhili ametuma na ambalo linabadilika kila mradi. Mtu mmoja ndiye anajua linavyofanya kazi. Akihama, akiugua, akikimbia vita, hesabu inaenda naye. Na vita tunavijua. Bukavu ilipochukuliwa mwezi wa pili 2025, benki zilifunga milango, na mashirika mengi yenye ofisi kuu kule yaliwaambia watu wao wa huku ziwani: subirini.

Sasa, watu wanatuuliza: kwa nini wasitumie tu programu za dukani? Duka na shirika havifanani. Mwenye duka ananunua chumvi, anauza chumvi, jioni anaangalia amebaki na nini. Shirika linapokea pesa ambayo kila moja imekuja na neno la mwenyewe. Hii ni ya chanjo. Hii ni ya mbegu. Hii ni ya madawati, usiiguse kwa kitu kingine. Halafu siku ya Jumanne pikipiki moja inapanda kutoka Baraka kwenda Fizi-centre imebeba muuguzi, mfuko wa mbegu na barua ya shule. Mafuta ni lita 10. Nani analipa? Kwa haki, kila mradi ulipe sehemu yake, na sehemu hiyo iandikwe. Programu ya duka haijui hata kuuliza hilo swali. Kwa hiyo mhasibu anafungua majedwali matatu, kila mfadhili na lake, na ile risiti moja inaingia katika yote matatu, nzima nzima. Mara nyingine ni wizi. Mara nyingine ni mtu aliyechoka saa nne za usiku, taa ya sola inafifia. Kwenye karatasi vinafanana kabisa.

Ongeza pesa mbili. Mfadhili anatuma dola, soko linataka franga, na bei ya kubadilisha ya asubuhi si ya jioni. Dola 100 zilizobadilishwa Jumatatu na dola 100 zilizobadilishwa Ijumaa hazizai franga sawa, na ile tofauti lazima iwe na mahali pa kukaa. Kama haina mahali, itapata mfuko.

Na kuna jambo ambalo hakuna anayeliandika. Bariyeri. Mwaka 2017 watafiti wa IPIS, shirika la Ubelgiji, walihesabu vizuizi 798 katika Kivu zote mbili. Munapita hapo kila siku, hatuhitaji kuwaeleza. Gari la shirika linasimama, franga zinatoka, risiti haitoki. Mhasibu ataandika nini? Jedwali la mfadhili halina mstari wa bariyeri, na mfadhili mwenyewe hataki kusikia, maana kwake kulipa wenye bunduki ni kosa la sheria. Kwa hiyo inaandikwa "usafirishaji", au "chakula cha njiani", au inatafutwa risiti ya uongo kwa mtu anayeziuza. Hivyo mhasibu kijana, aliyetoka chuo juzi, mwezi wake wa kwanza kazini anafundishwa kudanganya, na anafundishwa na watu wema! Akishajua kudanganya kwa bariyeri, tunamzuia na nini asidanganye kwa mbegu?

Sisi tunataka mstari huo uwepo. Uitwe kwa jina lake: malipo ya njiani yasiyo na risiti, tarehe, mahali, kiasi. Mashirika yakiuandika wote pamoja, mwisho wa mwaka tutajua ni kiasi gani cha pesa ya chanjo na ya mbegu kinaishia barabarani, na hiyo karatasi tutajua wapi pa kuipeleka. Lakini ili uongeze mstari ambao mwenye programu hakuufikiria, ni lazima uwe na ruhusa ya kufungua programu na kugusa ndani. Ndiyo sababu tunasema programu huria.

Programu huria ni ile ambayo kila mtu ana haki ya kuitumia, kusoma ilivyoandikwa, kuibadilisha na kumpa jirani. Haki hizo ziko ndani ya leseni yake, si zawadi ya mtu. Na hesabu zenyewe hazijawahi kuwa na mwenyewe. Ule utaratibu wa kuandika kila pesa pande mbili, ilikotoka na ilikoenda, ulichapishwa na mtawa Luca Pacioli kule Venice mwaka 1494, na tangu siku hiyo hakuna aliyelipia ruhusa ya kuchora mstari katikati ya ukurasa.

Wala hatuzungumzi ndoto. Hapa hapa Kongo kuna programu inaitwa BHIMA. Ilianzishwa na IMA World Health kwa ajili ya hospitali za vijijini, na timu yake ina makao katika nchi yetu. Inaandikisha wagonjwa, inafuata dawa ghalani, na chini ya hayo yote kuna hesabu za pande mbili zinazokubali dola na franga. Msimbo wake uko wazi kwa kila mtu mwenye intaneti. Tulipousoma mara ya kwanza mmoja wetu alisema: "Kumbe hawa watu wanajua bei ya kubadilisha inavyotusumbua." Ndiyo faida ya kitu kilichotengenezwa karibu na shida. Lakini BHIMA ni ya hospitali. Kamati ya maji ya watu tisa haiwezi kubeba mashine ya namna ile.

Pia tusijidharau. Mwaka 2013 Software Freedom Conservancy, shirika la Marekani linalolea miradi ya programu huria, lilitangaza kwamba mashirika yasiyo ya faida hayana programu huria nzuri ya hesabu, likaomba watu wachange ili itengenezwe. Hata wao, na umeme wao wa masaa 24. Vitabu vyao wenyewe waliishia kuvishika kwa programu ndogo zinazosoma faili la maandishi ya kawaida. Kwetu hilo lina akili: faili la namna hiyo linaingia kwenye simu, linatumwa hata kwa mtandao dhaifu, na mtu anaweza kulisoma hata kama programu imekufa.

Wafaransa nao wana Paheko, iliyotengenezwa kwa ajili ya vyama vidogo, na data zake zote ziko ndani ya faili moja. Ni nzuri, ila imeumbwa kwa sheria ya kwao. Kwetu sheria ni nyingine. Kongo iliingia OHADA mwaka 2012, na tangu tarehe 1 Januari 2024 mashirika yasiyo ya faida katika nchi zote 17 za OHADA yana mfumo wao wa hesabu, SYCEBNL. Unasema vitabu vishikwe namna gani, na wadogo kabisa umewaruhusu kushika tu pesa inayoingia na inayotoka. Muliza mashirika kumi hapa Baraka kama wameusikia. Sisi tulimaliza lisansi ya usimamizi bila kuusikia, tumeusoma wenyewe kwenye simu, kurasa kwa kurasa, tukinunua megabaiti.

Basi tumefanya nini? Tuko watu wanne na kompyuta mbili, moja haina betri. Tumechukua GnuCash, programu huria iliyotoka mwaka 1998, isiyohitaji intaneti, inayojua pesa za nchi nyingi. Tumejenga orodha ya akaunti kwa kufuata SYCEBNL, kila mradi na tawi lake, na majina tumeyaandika kwa Kiswahili. Hapo tulibishana wiki nzima. Vitabu vya Tanzania vinasema leja, mizania, urari. Maneno mazuri, lakini tulipowasomea mama wa kikundi kimoja cha akiba, walicheka. Wao wanasema imeingia, imetoka, inabaki, na "iko kwa watu", maana yake mikopo ambayo haijarudi. Tukaandika "Iko kwa watu". Mweka hazina wao, ambaye alisoma mpaka la nne, alijaza mwezi wake wa kwanza peke yake, na akatukamata kosa moja la kujumlisha ambalo lilikuwa letu.

Mapungufu yapo. GnuCash haijui pesa iliyofungwa na mradi. Tunaizungusha kwa matawi, na mtu akikosea tawi, programu inanyamaza. Majedwali ya mwisho wa mwaka kama SYCEBNL inavyotaka hayamo. Ili kuyaongeza lazima kuandika kwa Scheme, lugha ya kompyuta ambayo hakuna mmoja wetu aliyefundishwa chuoni. Tumeanza kujifunza, tunaenda polepole sana. Na kuna usalama: orodha ya mishahara na majina ya wanaopokea msaada ni kitu cha hatari katika eneo hili, kwa hiyo faili lazima lifungwe kwa nywila, nakala moja ikae mbali, na nywila ijulikane na watu wawili, si mmoja.

Wazee wametuambia: programu haizuii mwizi. Tunakubali. Mwizi ataandika uongo kwa kalamu, kwa Excel au kwa GnuCash. Lakini akiandika ndani ya kitabu ambacho kamati nzima ina nakala yake tangu mwezi uliopita, hawezi kurudi nyuma kukifuta bila mtu kuona. Na hatuwazi mwizi peke yake. Tunawaza pia mtu mwaminifu ambaye maji yamemchukulia daftari.

Kwa hiyo tunasema hivi. Wafadhili, mulisaini Istanbul mwaka 2016 kwamba ifikapo 2020 robo ya pesa za misaada itaenda kwa mashirika ya wenyeji, karibu kabisa nao. Haikufika, na kila mara tunajibiwa kwamba wenyeji hawana hesabu safi. Munalipia warsha za siku tatu hotelini juu ya hesabu safi, na mukiondoka munaacha kofia na kalamu. Lipieni mara moja kazi ya kuongeza majedwali ya SYCEBNL katika programu iliyo huria, lugha iwe Kifaransa na Kiswahili, na matokeo yabaki wazi kwa kila shirika kutoka Uvira mpaka Misisi. Na mupokee mstari wa bariyeri bila kumwadhibu aliyeuandika.

Vyuo vya hapa, kila mwaka wanafunzi wenu wa informatiki wanatengeneza "programu ya usimamizi" kwa ajili ya kazi ya mwisho. Wanatetea, wanapigiwa makofi, wanapiga picha na wazazi, na ile kazi inaingia kabatini. Tulifanya hivyo pia, tunaongea kwa uchungu. Wapeni watano watengeneze kipande kimoja kimoja cha kitu kimoja kinachotumika.

Mashirika, sheria ya tarehe 20 Julai 2001 iliwapa haki ya kuwa mashirika, haikuwapa haki ya kuficha. Bandikeni ukurasa mmoja sokoni kila miezi mitatu: imeingia, imetoka, inabaki. Mukihitaji watu wa kuwasaidia kuanza, tuko. Hatutaomba dola; tutaomba nauli ya pikipiki, na tutaiandika.

Nasi tumeanza na vitabu vyetu. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi tutavifungua mbele ya yeyote anayetaka kuona, na nakala ya faili itakuwa kwa watu watatu wasioishi mtaa mmoja. Mstari wa kwanza kabisa tuliouandika ni deni: franga 12,000, kwa mweka hazina wetu wa zamani. Tulituma wawili kwenda kumuita. Amesema atakuja kuangalia kama jina lake limeandikwa vizuri, lakini sanduku hatalishika tena.